Rula Iliyozidi Sentimita Moja

Mimi nikipewa kitu bila kuomba, kwanza nakigeuza nione chini kuna nini. Ndivyo nilivyo. Marehemu baba yangu alikuwa seremala Kalenga, mtu wa milango, madirisha na majeneza, na kabla hajaniruhusu kushika randa alinifundisha kutomwamini yeyote aliyepima kabla yangu. Mteja akija na vipimo vyake kwenye karatasi, baba anaipokea karatasi, anashukuru, anaitia mfukoni, kisha anachukua tepu yake na kwenda kupima mwenyewe. Nami nikairithi tabia hiyo, nikaizidisha. Nikinunua nyanya sokoni Mwanjelwa nazikagua moja moja mbele ya muuzaji, na nikifika nyumbani nazikagua tena.

Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilirogwa, au kwamba kuna aliyenidanganya. Hakuna. Yaliyotokea pale Iyunga niliyafanya mwenyewe, kwa macho yangu mawili na tepu yangu nzuri.

Niliolewa na Mnyakyusa, dereva wa malori, tukapanga vyumba viwili Iyunga, hatua chache kutoka barabara kuu. Iringa nilikuwa nimeacha kazi ya useremala kwenye karakana moja njia ya Tosamaganga, na pale Mbeya nikakaa nyumbani miezi minne nikihisi mikono inaoza. Siku moja mume wangu akaja na habari kwamba kuna karakana ya kusubu vyuma, hapo hapo Iyunga, inataka seremala. Nikamuuliza seremala anafanya nini kwenye chuma. Akasema hajui, niende nikaone. Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema kasikia tu. Hilo "kasikia tu" nililiweka akilini, maana mume wangu si mtu wa kusikia tu.

Karakana yenyewe ni banda la mabati lenye tanuri moja. Vyuma chakavu vinayeyushwa, uji wake unamiminwa kwenye mchanga, na ukipoa unatoa kipuri: gurudumu la meno, mkono wa pampu, kifuniko cha mashine. Lakini mchanga haujui umbo la kipuri mpaka uonyeshwe, na hapo ndipo seremala anapohitajika. Anakichonga kipuri kizima kwa mbao, wao wanakiita pateni. Fundi wa mchanga anaifukia pateni ndani ya fremu, anashindilia, anaichomoa taratibu, na shimo linalobaki ndilo linalojazwa uji wa chuma. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Niliona hii ni kazi yangu kabisa: mtu analeta kipuri kilichovunjika, unakipima, unakichonga kwa mbao vile vile kilivyo, basi.

Mwenye karakana alikuwa mama mjane, ambaye mumewe alimwachia kazi ile bila kumfundisha. Anawajua wateja, anaijua skrepa nzuri na mbaya, anamjua anayechelewa kuja kazini. Mambo ya mchanga na pateni aliwaachia mafundi. Alinipokea vizuri, akanitazama mikono, halafu akaniambia jambo moja ambalo halikunitoka kichwani: karakana yake haiwezi kuweka mafundi pateni wawili, na mavuno ya mpunga yakiisha atabaki mmoja.

Huyo wa pili alikuwa mzee aliyekuwa akichonga pateni pale tangu enzi za marehemu mume wa mama. Na alikuwa baba mkwe wangu.

Si baba mzazi wa mume wangu, huyo alishafariki. Ni kaka mkubwa wa huyo marehemu, na kwa Wanyakyusa ni yale yale. Kwake ni Tukuyu, na sikujua kwamba kazi yake iko pale. Wazee wao wana mwiko mkali kati ya baba mkwe na mke wa mtoto wake. Hamtazamani, hamsalimiani, hampeani kitu mkono kwa mkono, na jina lake hulitaji. Ukimwona njiani unapisha. Siku hizi wengi wameulegeza, wengine wameuacha kabisa, lakini mzee huyu hakulegeza hata kidogo. Kwetu Uheheni mkwe tunamheshimu, ila tunamsalimia: kamwene, anaitika, maisha yanaendelea. Mtu akinigeuzia mgongo kila asubuhi mimi sioni heshima, naona mtu mwenye lake jambo.

Wiki yangu ya kwanza akasimamisha ukuta wa mbao katikati ya chumba cha useremala, meza yake upande ule, yangu upande huu. Chini ya ukuta akaacha uwazi wa kupitishia vitu. Yeye mlango wake wa nyuma, mimi wa mbele. Nikiingia nasikia kikohozi kifupi, kisha kimya. Fundi wa mchanga, Msafwa mmoja mcheshi, alinitania kwamba sisi Wahehe tunatisha, mzee mzima amejijengea boma. Nikacheka naye, lakini moyoni nikajiuliza: ni mila hii, au ni ukuta wa kufichia kitu? Maana kwa mtu anayejua kwamba kati yetu atabaki mmoja, mila ya namna hiyo inamfaa sana. Halazimiki kunifundisha. Halazimiki hata kunijibu.

Siku ya sita nilikuta rula mezani kwangu. Ya mita moja, mbao ya mninga, mpya kabisa, bado inanukia. Mistari yake ilikuwa imechongwa kwa kisu, mmoja mmoja, ikajazwa wino mweusi, na namba zimeandikwa kwa mkono uliotulia. Fundi wa mchanga aliponiona nimeishika akasema mzee kanichongea, akaenda zake.

Haya. Nilisubiri watu watoke kwenda kula, nikafungua tepu yangu, nikailaza kando ya ile rula. Palipoandikwa kumi, mstari wa rula ulikuwa umeupita wa tepu kwa milimita moja. Ishirini, milimita mbili. Hamsini, tano. Kule mwisho, palipoandikwa mia, tepu yangu ilisoma mia na moja. Nikarudia mara tatu. Nikaenda kuazima tepu ya fundi wa lezi, mashine ya kuchongea vyuma, nikapima na hiyo. Mia na moja.

Nilikaa kwenye stuli. Mtu akikosea kuchonga rula, anakosea mahali pamoja, mstari mmoja unakaa vibaya. Huyu hakukosea. Huyu alikaa na kisu chake akachonga mistari mia ya uongo, yote kwa mpangilio, kwa ajili yangu. Nilisikia baridi, halafu hasira. Nikasema moyoni, ahaa mzee, kumbe ndiyo mambo yako. Unataka nipime kwa hii, kila kipuri kitoke kikubwa, wateja walalamike, mama anirudishe nyumbani nikapike. Nikaifunga kwenye khanga, nikaisukuma ndani kabisa ya droo, nikaendelea na tepu yangu. Sikuitupa. Ushahidi hautupwi.

Siku chache baadaye mume wangu akapiga simu akiwa Tunduma, anasubiri kuvuka mpaka. Katikati ya habari za kawaida akachomeka kwamba baba mkubwa anauliza kwa nini situmii rula. Nikamuuliza kwa nini anataka niitumie. Akasema hajui, mzee kasema tu nitumie rula. Hapo ndipo nilipopata uhakika wangu. Mtu kakupa kitu, kwa nini afuatilie kama unakitumia? Na amejuaje kwamba sikitumii, kama hachungulii? Mume wangu sikumwambia nilichopima. Yule ni baba yake mkubwa, angeweza kumwonya.

Kazi zangu tatu za mwanzo zilitoka vizuri. Mkono wa pampu, fremu ya chekeche, na kifuniko kirefu cha mashine ya kusaga. Nilizichonga kwa paini, milimita kwa milimita, kisha nikazisukuma chini ya ukuta, kwa sababu rangi zote zilikuwa upande wa mzee na kupaka pateni rangi ilikuwa kazi yake. Baada ya siku mbili zinarudi nyekundu, zinang'aa, zinakwenda mchangani. Wateja walichukua vipuri vyao, vikakaa mahali pake, mama akanisifu mbele ya watu. Nilivimba kichwa, sisemi uongo. Nilitamani mzee asikie kila neno kule nyuma ya mbao zake.

Kazi ya nne ndiyo iliyoleta mambo. Aliileta Msukuma mmoja wa Ubaruku, mtu mzima mpole, ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe na yeye akaingia kwenye mpunga. Mashine yake ya kukoboa ilikuwa imepasuka bamba la ubavuni, lile linaloshikilia beringi, na mpunga wa majirani ulikuwa umerundikana barazani kwake unasubiri. Bamba lilikuwa na urefu wa sentimita hamsini kutoka tundu la boliti hadi tundu la boliti. Nikalichonga hamsini kamili. Nikalipitisha chini ya ukuta likapakwe rangi.

Mchana ule, nikiwa nanoa patasi, nikasikia msumeno upande wa pili. Nikaacha kunoa. Ukakata kidogo, ukanyamaza, ukakata tena. Halafu ikaja harufu ya gundi. Sasa jamani, rangi haipakwi kwa msumeno.

Nilingoja siku mbili, pateni ikarudi nyekundu, nikaipima. Hamsini na nusu. Nikachukua kisu nikakwangua rangi katikati, na pale, kwenye paini yangu nyeupe, palikuwa na ukanda mwembamba wa mninga, milimita tano, umebanwa na kugandishwa kwa ufundi ambao hata mimi niliuonea wivu. Alikuwa ameikata pateni yangu vipande viwili, akaitia kiraka, akaificha kwa rangi. Nikakimbilia rafu tunapoweka pateni zilizotumika. Nikazipima zile tatu. Zote ndefu kuliko nilivyozichonga. Nikakwangua: mninga, mninga, mninga.

Mtu mwingine hapo angejiuliza swali dogo. Kama pateni zote tatu zilirefushwa, mbona vipuri vilikaa sawa? Nami lilinijia, nakiri. Lakini nilikuwa na jibu kabla halijamalizika kuja: aliziharibu baadaye, zikiwa rafuni, ili zikiagizwa tena zitoke mbovu na lawama ije kwangu. Mama aliponiuliza swali hilo hilo, nilimjibu hivyo bila kupumua, nikaona jinsi linavyomwingia, na nikajipenda.

Nilikuwa nimebeba kila kitu hadi ofisini kwake. Rula, tepu, pateni nne zilizokwanguliwa. Nilimlazia rula na tepu mezani aone mwenyewe. Mama alikunja uso. Hakuwa anajua pateni, lakini tofauti ya mia na mia na moja aliiona. Akamwita mzee.

Mzee alikuja mpaka dirishani, akasimama nje, katupa mgongo. Kwa mila yake asingeweza kuingia nilipo. Mimi nikauona mgongo ule kuwa mgongo wa mtu aliyekamatwa. Mama akamuuliza kwa heshima, shikamoo kwanza, kama ile rula ni yeye kaichonga. Akaitika kwa kichwa. Akamuuliza kama anajua kwamba imezidi. Akaitika. Akamuuliza kama pateni za mkwewe ni yeye anazikata. Akaitika tena. Mama akamwomba aeleze basi, maana hata yeye alikuwa anatafuta njia ya kutomwaibisha. Mzee akasema, kwa sauti ya chini, akiwa bado katazama tanuri:

"Rula mwachieni. Asiitupe."

Basi, hakuongeza neno. Mama akamwambia kwa huzuni kwamba ni afadhali apumzike. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, akaondoka kupitia nyuma. Fundi wa mchanga siku hiyo alikuwa amekwenda kuchota mchanga mtoni. Aliporudi akakuta ukuta wa mbao umebomolewa na mimi nafagia upande wa pili. Nikamwambia mzee amepumzishwa. Alinitazama kwanza, kisha akanyamaza, na kwa mtu wa maneno kama yule nilipaswa kushtuka. Nilidhani ananionea kijicho.

Nililichonga upya bamba la Ubaruku. Hamsini. Nikapaka rangi mwenyewe, nikapima kabla ya rangi na baada ya rangi, nikalikabidhi mchangani kwa mkono wangu. Siku ya kumimina nilisimama karibu na fremu ile mpaka uso ukaniunguza, kuhakikisha hakuna anayegusa. Kesho yake mteja akafika, ameleta na lile bamba lililopasuka ili alinganishe. Fundi wa mchanga akavunja mchanga, akalipiga brashi bamba jipya, tukalilaza juu ya lile la zamani. Upande huu tundu likakaa juu ya tundu. Upande ule halikukaa. Lilikuwa fupi.

Msukuma yule akalisogeza, akaligeuza, akalisogeza tena. Akasema taratibu, "Mama yangu, hili limekuwa fupi." Nikatoa tepu. Arobaini na tisa na nusu.

Damu ilinipanda. Nikamgeukia fundi wa mchanga, mbele ya mteja, nikamwambia kwamba amegusa pateni yangu, kwamba yeye na mzee ni kitu kimoja, na kwamba nitamfikisha nilikomfikisha mwenzake. Nilisema mengi. Yule bwana hakukasirika. Alijifuta mikono, akaniuliza swali moja.

"Ulipima na rula ipi, dada?"

Nikamwonyesha tepu. Akaitazama tepu, akanitazama mimi, nikaona uso wake unabadilika polepole, kama mtu anayeelewa jambo asilolitaka.

"Chuma kinanywea," akasema. "Kikiwa uji kimejaa, kikipoa kinajivuta ndani. Kila mita kinapoteza sentimita moja. Ndiyo maana pateni inazidishwa. Dada, hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Nani angeniambia? Mama hakujua. Fundi wa mchanga alidhani najua, kwa kuwa vipuri vyangu vilikuwa vinatoka sawa. Na aliyejua alikuwa haruhusiwi kufungua mdomo mbele yangu, kwa hiyo akaniandikia kwa kisu. Yule mzee aliitia ile sentimita ndani ya rula, kidogo kidogo, mstari kwa mstari, ili nisihitaji kujua chochote. Ningepima kwa ile rula kama mtoto wa shule, hamsini nikaandika hamsini, na chuma kingekuja kikae chenyewe. Na nilipoikataa, akawa anakaa nyuma ya mbao zake anarekebisha pateni zangu moja baada ya nyingine, anazipaka rangi, anazirudisha, na sifa nachukua mimi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimwomba radhi fundi wa mchanga, nikamwomba radhi mteja, nikaichomoa rula ofisini kwa mama na kuchonga bamba lile kwa mara ya tatu. Likaingia boliti zote. Mama nilimweleza nikiwa nimesimama, nikilia bila kujificha. Hakunigombeza. Akachukua simu akampigia mzee arudi, na mzee akamshukuru sana, akasema hapana.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Tukuyu, nikashuka, nikatembea kwenye ukungu katikati ya migomba na chai mpaka kwake. Nilikuwa nimejitanda khanga mpaka kwenye paji la uso, kwa mara ya kwanza kwa moyo wote. Mkewe, ambaye namwita mama mkubwa, alinipokea nyuma ya nyumba, jikoni. "Ugonile," akanisalimia, na akanishika mikono yote miwili, jambo lililonimaliza nguvu kuliko kama angenifukuza. Mzee alikuwa sebuleni. Kati yetu palikuwa na ukuta wa matofali na dirisha dogo lililofunguliwa, na nilimsikia akikohoa kikohozi chake kifupi.

Nikasema niliyokwenda kusema. Niliyasema kumwelekea mama mkubwa, kwa sauti ya kutosha kupita dirishani. Kwamba nilimdhania vibaya, kwamba nilimsingizia mbele ya mwajiri, kwamba nimemtoa kwa fedheha mahali alipofanya kazi maisha yake yote. Kwamba nilijua atabaki mmoja, na niliamini anataka niwe mimi wa kuondoka. Mama mkubwa alikuwa anamenya ndizi. Hapo akaacha kumenya.

"Mwanangu, ni yeye aliyesema uletwe," akaniambia. "Macho yake yanamsumbua. Alimwambia mumeo, mlete mkamwana, anajua mbao, mavuno yakiisha nimwachie meza. Akamkataza asikuambie, usije ukajiona umebebwa. Alikuwa arudi nyumbani mwezi huu huu. Tulikuwa tumeshapaka chokaa chumba."

Nikakumbuka "kasikia tu" ya mume wangu. Kumbe kweli alikuwa anaficha kitu, na mimi nilikisia vizuri kwamba anaficha, nikakosea kila kingine. Nikamuuliza mama mkubwa kwa nini basi mzee hakumweleza hata fundi wa mchanga, au hata mume wangu, sababu ya ile rula. Akasema alimuuliza swali hilo hilo. Alijibiwa kwamba mtu hawezi kwenda kwa watu baki kusema mkwewe hajui kazi. Na simu ya mume wangu, akiipokea barabarani, wanaisikia madereva wenzake wote.

Kule ndani kiti kililia. Sauti ya mzee ikaja, si kwangu, kwa mkewe, lakini kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliye mlango wa pili. Alitaka kujua lile bamba la Ubaruku liliishaje. Nikamwambia mama mkubwa kwamba limeingia, boliti zote. Nilingoja aseme kwamba amenisamehe, au hajanisamehe. Hakusema lolote katika hayo mawili.

"Mwambie aluminiamu inanywea zaidi," akasema. "Ile rula ni ya chuma tu. Aluminiamu asije akaipimia ile."

Mama mkubwa akainuka, akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akaniwekea chini, mbele ya miguu yangu, nikakiokota. Ilikuwa rula nyingine ya mninga. Mistari ilichongwa kwa kisu kile kile, namba kwa mkono ule ule, mpaka arobaini na moja. Kutoka hapo kwenda mbele ilikuwa mbao tupu. Mama mkubwa akasema mzee aliianza kule kule karakana, nyuma ya ule ukuta, na aliishia hapo siku ile aliyoitwa dirishani.

Niliibeba mapajani njia nzima ya kurudi Iyunga. Nilipofika nyumbani, kabla sijavua hata viatu, nilitoa tepu nikailaza kando yake. Ndivyo nilivyo. Nilipima mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikaenda hivyo hadi wa arobaini na moja. Yote ilikuwa imezidi, kila mmoja kwa kiasi chake, na hakuna hata mmoja uliokosewa.